Ngazi ya Viwanda na Mji wa Uvira



Katika somo la jiografia wanafunzi wetu huonyeshwa picha moja ambayo imezunguka dunia nzima. Mwalimu achora ubaoni mistari miwili. Mmoja ni wa watoto wanaozaliwa, na wa pili ni wa watu wanaokufa. Mwanzoni mistari yote miwili iko juu. Kisha mstari wa vifo washuka, na ule wa vizazi wabaki juu, na hapo ndipo watu wanapoongezeka mno. Baadaye mstari wa vizazi nao washuka. Mwishoni yote miwili yakutana chini, na hesabu ya watu yatulia. Mwalimu aeleza ya kwamba hii ni ngazi yenye vipandio vinne, na kinachoipandisha nchi kutoka kipandio kimoja hata kingine ni viwanda. Halafu achora picha ya pili, mfano wa kilima: uchafu wa hewa na wa maji wapanda viwanda vinapoanza, wafika kileleni, kisha wateremka nchi inapotajirika.

Tuseme mtoto mmoja wa Kalundu, karibu na bandari ya Uvira, arudi nyumbani na daftari lake, amwulize babu yake mvuvi: "Babu, sisi tuko kipandio cha ngapi?" Mzee atamjibu namna gani? Nadhani atasema hivi: "Mjukuu wangu, kiwanda cha sukari cha Kiliba nilikiona kikijengwa, tena nikakiona kikifungwa. Hebu kamwulize mwalimu wako: mtu aliyepanda ngazi, kisha ngazi ikaondolewa, yeye huhesabiwa kipandio gani?"

Swali la namna hiyo ndilo nataka tulipime leo. Sitaki kuwadharau wenye elimu walioleta fundisho hili, wala walimu wanaolifundisha. Lakini fundisho lisemalo habari za nchi zote lazima lipimwe katika nchi moja moja, na mahali pazuri pa kulipima ni hapa kwetu, mwisho wa kaskazini wa ziwa Tanganyika.

Fundisho lenyewe

Kwanza tulieleze kwa haki. Mwaka 1929 Mmarekani Warren Thompson aligawanya nchi za dunia katika mafungu, kwa kadiri ya vizazi na vifo vyake. Mwaka 1934 Mfaransa Adolphe Landry aliandika kitabu juu ya mageuzi hayo hayo. Mwaka 1945 Frank Notestein, naye Mmarekani, aliyaunganisha mawazo hayo kuwa fundisho kamili: maisha ya kisasa, yaani viwanda, miji, shule na dawa, hupunguza vifo kwanza na vizazi baadaye.

Mfano uliokuwa machoni pao ulikuwa Ulaya, hasa Uingereza. Mwaka 1801 watu wa Uingereza na Wales walikuwa karibu milioni 9. Mwaka 1901 walikuwa zaidi ya milioni 32. Katika miaka mia hiyo makaa ya mawe, mvuke na mashine za kufuma nguo zilikuwa zimeigeuza nchi kabisa. Watu walitoka vijijini wakajaa mijini. Halafu, kuanzia miaka ya 1870 hivi, vizazi navyo vikaanza kushuka.

Picha ya pili, ile ya kilima cha uchafu, ni ya siku za karibu zaidi. Ilienea tangu mwaka 1991, wachumi wawili wa Marekani, Gene Grossman na Alan Krueger, walipolinganisha uchafu wa hewa wa miji mingi na mapato ya watu wake. Waliona ya kwamba uchafu wa aina fulani hupanda mapato yanapopanda, kisha hushuka.

Tena tukubali ya kwamba picha ya kwanza ina ukweli mkubwa. Ni kweli ya kwamba mahali pengi sana vifo hupungua kabla ya vizazi, na ya kwamba katika muda ule wa katikati watu huongezeka upesi. Ni kweli pia ya kwamba wazazi wakiona watoto wao hawafi, na tena wakiona kila mtoto adai karo, daftari na sare, hufikiri upya juu ya hesabu ya watoto. Ukisimama asubuhi moja njiani Uvira na kuangalia wanafunzi wakienda shuleni, utaona kwa macho yako kipandio cha pili cha ngazi hiyo. Basi shida iko wapi? Iko katika neno moja: viwanda. Fundisho limekifanya kiwanda kuwa mama wa kila jambo, na hapo ndipo linapokosea.

Je, ni kiwanda kinachopunguza vifo?

Tuanze na Uingereza yenyewe. Mwaka 1842 Edwin Chadwick alitoa ripoti juu ya afya ya watu maskini. Alionyesha ya kwamba huko Manchester, mji mkubwa wa viwanda vya pamba, wastani wa umri wa kufa katika jamaa za vibarua ulikuwa miaka 17. Maana yake si kwamba watu wote walikufa wakiwa vijana, bali watoto wachanga wengi mno walizikwa. Huko Rutland, wilaya ya mashamba, wastani wa vibarua ulikuwa miaka 38. Basi kiwanda, kilipokuja peke yake, hakikupunguza vifo. Kiliwakusanya watu mahali pamoja penye maji machafu, wakafa kwa wingi kuliko ndugu zao wa mashambani.

Tuangalie pia upande wa vizazi. Huko Ufaransa, nchi yake Landry, vizazi vilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 18, wakulima wakiwa bado wengi kupita wafanyakazi wa viwandani. Uingereza, iliyokuwa na viwanda kwanza, ilichelewa karibu miaka mia. Katika miaka ya 1960 na 1970 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakiongozwa na Ansley Coale, walichunguza mikoa mamia ya Ulaya ili waone kama viwanda ndivyo vilivyoleta mabadiliko hayo. Waliona ya kwamba uhusiano wake ni dhaifu. Mara nyingi mikoa yenye lugha moja na desturi moja ilibadilika pamoja, yenye viwanda na isiyo na viwanda.

Sasa turudi Kongo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007 ulionyesha ya kwamba katika kila watoto 1000 waliozaliwa, 148 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2013 hata 2014 ulionyesha 104. Ni wengi bado, lakini ni punguzo kubwa kwa muda mfupi. Je, katika miaka hiyo viwanda vilikuwa vimeongezeka katika nchi yetu? Hapana, vingi vilikuwa vimekufa. Kilichosaidia ni chanjo, vyandarua, na kazi ya wauguzi. Na vizazi? Mwaka 2007 hesabu ilikuwa watoto 6.3 kwa kila mwanamke, na katika uchunguzi wa pili 6.6. Basi mstari wa vifo ulishuka, nao wa vizazi ulipanda kidogo, na dohani za viwanda hazikuwa zikitoa moshi.

Fundisho halina mahali pa kuiweka nchi ya namna hii. Litasema ati Kongo "imechelewa." Lakini nchi haikuchelewa kupanda ngazi ile ya Uingereza. Imepita njia nyingine.

Mji uliokua baada ya kiwanda kufungwa

Wengi wetu twakijua Kiliba, kaskazini ya mji wa Uvira, katika bonde la Ruzizi. Wakati wa Wabelgiji bonde hilo lilikuwa nchi ya pamba. Katika miaka ya 1950 kikajengwa kiwanda cha sukari, na mashamba makubwa ya miwa yakalimwa kukizunguka. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo kikajengwa kituo cha kwanza cha umeme katika mto Ruzizi, karibu na Bukavu. Kituo cha pili kilifuata mwaka 1989. Kuvuka mpaka, huko Bujumbura, kiwanda cha bia kilianzishwa mwaka 1955, kisha vikafuata vya sabuni na vya nguo. Mtu aliyetazama pwani hii katika miaka ile angeweza kusema kwa haki: Ngazi imesimikwa, sasa twapanda.

Kiwanda kilivuta watu. Mtu alipata kazi ya kukata miwa au ya kushika mashine, akaita mdogo wake, mdogo wake akaoa, na duka likafunguliwa kando ya njia. Hivyo ndivyo fundisho lisemavyo, na kwa muda huo lilisema kweli.

Lakini mwaka 1996 vita vilianza katika pwani hii, na Kiliba kikafungwa. Kama kiwanda ndicho kinacholeta watu, basi kikifungwa watu wangetawanyika. Haikuwa hivyo. Uvira ulizidi kukua. Wakimbizi wa Burundi walikwisha kuja mwaka 1972, tena mwaka 1993. Vita vilipoenea milimani, watu wa nyanda za juu waliteremka mjini kutafuta usalama, na wengi hawakurudi. Mji uliongezeka kwa sababu ya hofu na ya biashara ndogo ya mpakani, na kwa sababu watoto wengi zaidi walizaliwa na kuishi. Watu waligeukia jembe, mtumbwi na soko.

Hapo twaona kosa kubwa la picha ya mistari miwili: mstari wa tatu, wa watu wanaohama, haumo. Katika vitabu watu huhama kwa sababu mashine yawaita. Kwetu wamehama mara nyingi kwa sababu bunduki imewafukuza. Na mji uliojaa kwa njia hiyo wapata mizigo yote ya mji wa viwanda, yaani msongamano, takataka na maji machafu, bila mishahara wala kodi ambazo kiwanda kingetoa za kulipia mifereji. Manchester ilikuwa na uchafu pamoja na fedha. Uvira umepata uchafu kwanza, na fedha hazijafika.

Nani aliyelipasha moto ziwa?

Sasa tufike kwenye picha ya pili, ile ya kilima. Yasema ya kwamba nchi huchafua kwao, kisha husafisha kwao. Mvuvi wa Kalundu aweza kuikanusha kwa wavu wake.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1470 hivi, nalo ni la pili duniani kwa kina. Maji yake ya juu ni ya vuguvugu, na ya chini ni ya baridi kidogo na mazito zaidi. Chakula cha mimea midogo isiyoonekana kwa jicho kimelala chini. Kila mwaka, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini wavuma, wayasukuma maji ya juu, na sehemu ya maji ya chini yapata kupanda pamoja na chakula chake. Mimea midogo yaongezeka, wadudu wadogo wa maji waila, ndakala wawala wadudu hao, na mikeke wawala ndakala. Sahani yetu yategemea kuchanganyika huko kwa maji.

Maji ya juu yakizidi kupata joto, huwa mepesi zaidi, na upepo hushindwa kuyachanganya na ya chini. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature ya kwamba katika karne ya 20 ziwa limepata joto, na uzazi wa mimea yake midogo umepungua kama asilimia 20. Walikadiria ya kwamba samaki waweza kupungua kwa asilimia 30 hivi. Sababu waliyoitaja ni kuongezeka kwa joto la dunia.

Wengine walipinga. Walisema: tazameni nyavu kwanza. Na kweli, katika miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki wa Bujumbura walileta meli zenye nyavu kubwa za kuzungushia samaki usiku. Kisha ikaja mitumbwi iliyounganishwa pamoja, yenye taa na wavu wa kunyanyua. Meli zile kubwa zilikoma upande wa kaskazini katika miaka ya 1990, lakini taa za mitumbwi zilizidi kuwa nyingi. Hakuna mvuvi atakayekana ya kwamba nyavu za matundu madogo huvua hata watoto wa samaki.

Jibu lilitafutwa katika matope. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walitangaza walichokipata katika matope yaliyochimbuliwa chini ya ziwa. Matope hayo yamelala tabaka juu ya tabaka, na ndani yake mna mabaki ya samaki wa zamani. Yalionyesha ya kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa katikati ya karne ya 20, pamoja na kuongezeka kwa joto. Yalionyesha tena ya kwamba sehemu ya chini ya ziwa yenye hewa ya kutosha viumbe kuishi imepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946.

Basi nyavu zina hatia, lakini hazikuanza. Walioanza ni wale waliochoma makaa ya mawe huko Ulaya na Marekani kwa miaka mia mbili, na wengine waliowafuata. Manchester imekwisha kuteremka kilima chake, hewa yake ni safi kuliko ya mwaka 1842, lakini hewa ya ukaa iliyotoka katika dohani zake haikuteremka pamoja nayo. Imekaa angani, na joto lake limefika katika wavu wa mtu wa Kalundu ambaye hakupata kumiliki mashine yoyote zaidi ya injini ya mtumbwi. Picha ya kilima huchora nchi moja moja, kana kwamba kila nchi ina mbingu yake.

Kilima hakijishushi chenyewe

Msomaji mmoja aweza kusema: "Ndugu, hata hivyo Uingereza ilisafika. Nasi tukipata viwanda na utajiri tutasafika." Neno hili ndilo la hatari kuliko yote, maana lawafanya watu wangoje.

Uingereza haikusafika kwa kungoja. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha huko London ya kwamba kipindupindu, ambacho wengi wetu twakiita kolera, kilienezwa na maji ya pampu moja ya mtaani. Wakuu wengi hawakumsadiki. Mwaka 1858, katika joto kali, mto Thames ulinuka hata wabunge wakashindwa kukaa katika nyumba yao. Hapo ndipo walipotoa fedha upesi, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi. Kipindupindu kikubwa cha mwisho cha London kilikuwa mwaka 1866, katika mtaa ambao mifereji hiyo ilikuwa haijakamilika. Moshi nao uliendelea hata Desemba 1952, ulipofunga mji siku tano, na hesabu za kwanza zikataja watu 4000 waliokufa. Sheria ya hewa safi ilipitishwa mwaka 1956. Basi pale ambapo mwalimu achora mstari unaoteremka kwa ulaini, palikuwa na ripoti, ugomvi, kodi, sheria na makaburi. Hata Grossman na Krueger wenyewe walionya ya kwamba kushuka huko si jambo lijalo lenyewe.

Na Uvira je? Kipindupindu hakijawa habari ya zamani kwetu. Watafiti wa chuo kile cha London kinachofundisha afya ya nchi za joto, pamoja na wenzao, walilinganisha kazi ya mtambo wa maji wa mji na hesabu ya wagonjwa walioingia katika kituo cha kipindupindu, kuanzia mwaka 2009 hata 2014. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2015. Waliona ya kwamba baada ya siku moja ambayo mtambo haukutoa maji, wagonjwa wa siku 12 zilizofuata walikuwa mara mbili na nusu ya wale wa baada ya siku ambayo mtambo ulitoa maji kwa ukamilifu. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka hiyo ilihesabiwa kuwa imetokana na kukatika kwa maji.

Tufikiri maana ya hesabu hiyo. Pampu haiendi bila umeme. Umeme ukikatika, bomba lakauka. Bomba likikauka, mama achukua ndoo aende ziwani au mtoni. Kati ya bomba lililokauka na kitanda cha mgonjwa ni siku chache tu. Hapa hatuna haja ya kungoja kipandio cha tatu wala cha nne. Umeme usiokatika kwa ajili ya pampu, mafuta ya akiba, bomba lililofika Kavimvira na Kalundu: mambo hayo yaokoa watu mwaka huu huu, nchi ikiwa maskini vilevile.

Mlima na mto

Kuna jambo moja lililobaki, nalo ni la hapa hapa kwetu, hatuwezi kuwatupia wageni. Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na maji. Watu wanapoongezeka, wengine hujenga ubavuni mwa mlima, wengine katika njia ya mto, wengine ufukoni kabisa. Wengi hupika kwa makala, na nyumba nyingi ni za matofali yaliyochomwa kwa kuni. Kwa hiyo mlima umebaki uchi. Mvua ikinyesha, udongo washuka ziwani. Watafiti wa mwisho huu wa ziwa walionyesha tangu mwaka 1993 ya kwamba penye matope mengi ya namna hiyo aina za viumbe wa maji ya kando hupungua sana.

Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha, na mto Mulongwe ukatoka njiani mwake. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba yakabomoka. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda mno, likaingia katika nyumba za ufukoni na kufunika sehemu za bandari. Hakuna kiwanda kilicholeta mawe yale ya Mulongwe. Yaliletwa na mlima usio na miti, na nyumba zilizojengwa mahali ambapo mto ulikuwa na haki ya kupita. Fundisho la viwanda halina neno la kutuambia hapo, maana halikuwaza mji mkubwa wenye kupikia makala.

Tuishike nini, tuiache nini?

Basi nisieleweke vibaya. Sisemi viwanda havifai. Vijana wa Uvira wahitaji kazi, na wengi watafurahi wakisikia mashine za Kiliba zikisaga miwa tena. Lakini siku ile zitakapowashwa, tuwe na maswali tayari. Maji ya mto yatagawanywa namna gani kati ya miwa na vijiji? Maji machafu ya kiwanda yatapita wapi? Makapi ya miwa yatachomwa ndani kuendesha mashine, au miti ya mlimani itakatwa tena? Wafanyakazi watalala wapi, nao watakunywa nini? Kama tutafungua kiwanda tukaacha maswali, tutakuwa tumenunua Manchester ya mwaka 1842 kwa bei ya leo.

Katika fundisho lile tuishike sehemu moja: wazazi wakiona watoto wao wanaishi, na binti wakisoma, jamaa hubadilika. Sehemu hiyo imethibitika mahali pengi, nayo haihitaji dohani. Tuiache sehemu inayosema mambo yote hufuata zamu, kiwanda kwanza na afya baadaye. Na tuongeze yale yaliyosahauliwa: watu wanaohamishwa na vita, ziwa moja lenye wenyewe wanne, na mbingu moja ya wote.

Juu ya ziwa, mwanzo umeonekana. Mwaka 2003 Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kulitunza pamoja. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Ni sheria ngumu kwa mtu anayekula kwa wavu wa usiku ule ule, na serikali inayofunga ziwa yapasa kufikiri atakula nini miezi mitatu. Lakini angalau hapo watu wameamua jambo, hawakungoja kilima kishuke chenyewe.

Sasa turudi kwa yule mtoto wa Kalundu na daftari lake. Babu yake asimwambie aifute picha ya mwalimu, maana atahitaji kuijibu katika mtihani. Amwambie achore mistari mingine kando yake. Mmoja wa siku ambazo bomba la mtaa wao lilitoa maji, na mmoja wa siku ambazo lilikauka. Mmoja wa miti iliyopandwa juu ya Mulongwe, na mmoja wa ile iliyokatwa. Mmoja wa vikapu vya ndakala. Achore kwa mwaka mzima, kisha ampelekee mwalimu daftari hilo, nao wasome pamoja.